Dada Nesi Amekabidhi Zamu

Chumba cha nyuma,
Nyumbani kwetu,
Jumapili, tarehe 14, baada ya ibada.

Mpendwa mdogo wangu Kinda,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyetufikisha leo. Hujambo, mdogo wangu? Wifi hajambo? Na wale wawili wanaoniita shangazi kwenye simu kwa sauti za kuona haya, shule inakwendaje? Kifua chako kinachokusumbua wakati wa baridi kimetulia? Nauliza yote kwa mkupuo kwa sababu nikikupigia huwa unajibu "salama" kabla sijamaliza kuuliza, kisha unaniaga. Barua haikatiki.

Sisi huku ni wazima kwa namna ya watu waliotoka kuzika. Magoti yangu ni yale yale. Kitaluni tumeanza kujaza udongo kwenye viriba vya msimu mpya, na jioni narudi nimepinda kama ndoano. Pacha anakuja kila siku kulala nami ili nisibaki na nyumba peke yangu. Anasema amekuja kunitunza, lakini yeye ndiye anayelia, na mimi ndiye ninayeinuka kumchemshia chai.

Habari ya Dada, mkubwa wetu, uliipata. Pacha alikupigia siku ile ile mama yake alipotutoka, ukasema poleni, akasubiri useme neno la pili, ukasema mtandao ni mbovu. Sikuandikii kukulaumu. Tulimzika Jumatano, kukiwa na mawingu yaliyojizuia mpaka tukamaliza. Watu walikuwa wengi kuliko viti. Kulikuwa na wanaume wenye ndevu wamesimama pembeni wanapangusa macho, na kila niliyemuuliza alimfahamu wapi marehemu, alinijibu kwamba alilazwa wodi ya watoto alipokuwa mdogo.

Kinda, kuna jambo nimelifanya kwa jina lako bila kukuuliza. Nilidanganya mbele ya mtu anayekata roho, nami unanijua, hata umri wangu siupunguzi. Jambo hilo ndilo limenishikisha kalamu. Ila siwezi kulibwaga hivi hivi, itabidi nianzie mbali kidogo. Nivumilie kama ulivyokuwa ukinivumilia nikikuchana nywele kwa nguvu.

Unalikumbuka bango la kazini kwangu, lile la kijani lililoandikwa kwa Kizungu kwamba hapa ni kitalu cha miche. Ng'ambo ya barabara kuna shule ya watoto wadogo, nasari, nayo bango lake lina neno lile lile. Miaka kumi na minane nimepita katikati ya mabango hayo mawili na ndoo yangu ya maji, wala sikuwahi kujiuliza miche na watoto wamekutania wapi. Mwezi uliopita alikuja kununua miche yule mwalimu aliyekufundisha Kiingereza, sasa amestaafu na ana bustani. Nikamuuliza, basi tu, kama mtu anavyouliza hali ya hewa. Aliweka miche chini akafurahi utadhani nimemposea binti yake.

Akaniambia neno hilo na neno nesi ni mama na mwana. Kesho yake akaniletea karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, pande zote mbili, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni.

Kumbe, kwa maelezo ya mwalimu, Waingereza walilipata neno nesi kwa Wafaransa, na Wafaransa kwa Kilatini, na huko mwanzo kabisa lilikuwa na maana ya kulisha, kunyonyesha. Nesi wa kwanza hakuwa na sindano wala kofia. Alikuwa mwanamke anayempa ziwa mtoto ambaye si wa kumzaa. Baadaye wakamwita hivyo hata yule anayemtunza mtoto bila kumnyonyesha. Baadaye tena anayemtunza mgonjwa. Chumba cha kulelea watoto kikapata jina kwake, kisha na kitalu, kwa kuwa mche nao unapewa maji kidogo kidogo na kufunikwa mpaka utakapoweza kusimama juani. Mwalimu akasema sisi tumemwita muuguzi kwa sababu ya ugonjwa. Wenzetu walimwita kwa sababu ya maziwa.

Karatasi haikuishia hapo. Mtu akikaa na kikombe kimoja jioni nzima, anakinywa kwa kulamba ili kisiishe, Waingereza hulitumia neno hilo hilo. Akiwa na mguu unaouma, akawa anaukanyagisha kwa huruma, hilo hilo. Na mstari wa mwisho kabisa, mwalimu alikuwa ameupigia mstari: mtu mwenye kinyongo. Sisi tunasema ameweka kinyongo, wakati mwingine tunasema anakifuga, kama mbuzi. Wao, kwa neno lile lile, ni kama wanasema anakinyonyesha. Amekipakata, anaamka kwa ajili yake, anakipa ziwa kisife.

Nilikaa na karatasi ile juu ya ndoo nikakukumbuka wewe.

Jioni nikamsomea Dada. Alikuwa amelala humu humu ninamoandikia, kitanda kikiwa kimesogezwa dirishani, tangu madaktari waliposema ini halina tena la kufanyiwa, tumrudishe nyumbani. Nilimsomea huku namkata kucha. Nilipofika pale pa nesi wa kwanza alicheka mpaka akajishika ubavu, akasema, "Kumbe nilianza kazi kabla ya cheti."

Mimi nilimwelewa. Wewe usingemwelewa, na hapa ndipo navunja ahadi niliyompa mama nikiwa na miaka tisa. Mama hayupo, Dada naye ametutoka. Nikinyamaza mimi, jambo hili litazikwa na mimi.

Ulipozaliwa, mama alishikwa na homa iliyomlaza wiki sita. Ilipoondoka iliondoka na maziwa. Ulikuwa kama kidole, unalia bila sauti. Dada alikuwa amejifungua Pacha miezi miwili kabla, na nafasi ya chuo cha uuguzi alikuwa ameshaipata. Akakuchukua. Pacha ziwa la kulia, wewe la kushoto, miezi kumi na mmoja. Chuo kikamsubiri mwaka mzima. Mama alipopata nguvu aliona aibu kubwa, mwanamke mzima kunyonyeshewa mtoto na binti yake, akatuapisha tusitamke kwa mtu yeyote, na zaidi ya wote tusikwambie wewe.

Mimi niliwekwa mlangoni niruke kamba. Jirani akitokea nikohoe. Nilikohoa sana mwaka ule, hata mama wa nyumba ya pili akaniletea dawa ya kifua, nikainywa, ningefanyaje. Na jina lako, Kinda, alikupa yeye, kwa sababu mlango ukilia tu ulikuwa unafumbua mdomo kama ndege kiotani. Sasa unajua kwa nini binti yake tulimwita pacha wako wakati wewe ni mjomba wake. Mlidhani ni utani wa watu wazima.

Tulipofika mstari wa kinyongo Dada hakucheka. Alitazama kucha zake nilizokwisha kuzikata. Kisha akasema, "Mwache mtoto. Maziwa yalikuwa yangu, labda na hasira ilipitia humo humo."

Sasa nije kwenye siku aliyofariki baba. Wewe unaijua kwa upande wa mlangoni. Baba yuko wodi ya wanaume, anamwita Dada, na wewe unavuka ua wa hospitali mbio kumfuata wodi ya watoto. Saa nane na nusu mchana. Unamkuta amevaa aproni, umesimama mlangoni unamwambia baba anamwita, naye anakujibu bila kukusogelea, "Siwezi kutoka, Kinda. Sijakabidhi." Ukarudi peke yako. Alipofika, baba alikuwa ameshafunikwa uso. Ukamwambia kule ukumbini, watu wote wakisikia, kwamba yeye ni nesi wa kila mtu isipokuwa baba yake.

Hilo peke yake lingepoa. Lililokuchoma ni daftari la zamu. Wiki iliyofuata ulimbana sista mkuu wa wodi akakuonyesha, nawe ukaona kwa mwandiko wa Dada mwenyewe kwamba nesi wa kumpokea aliingia saa nane kamili. Kwa hiyo ulipokwenda kumwita alikuwa huru nusu saa nzima. Ulirudi nyumbani ukakunja nguo zako. Miaka kumi na mmoja sasa.

Huenda hujui zamu inakabidhiwaje, kwa hiyo nakueleza alivyonieleza. Anayetoka na anayeingia wanatembea pamoja kitanda kwa kitanda. Anayetoka anasema: huyu ni nani, anaumwa nini, amepewa nini, amebakiza nini. Anayeingia anasema, "Nimepokea," kisha anaweka sahihi. Kabla ya neno hilo wagonjwa ni wako, hata nyumba yenu iwe inaungua. Siku ile kulikuwa na watoto kumi na mmoja, wawili wako kwenye oksijeni, na Dada peke yake.

Wiki tatu kabla hajatutoka, mama mmoja ambaye naye ni nesi, nywele zimeanza kuwa mvi, alikuja kumtazama. Alimwosha, akambadilishia shuka, akatoka na mimi mpaka bombani kufua. Shuka ikiwa bado mikononi akaniambia kwamba yeye ndiye aliyekuwa wa kumpokea Dada siku ile. Hakuingia saa nane. Aliingia saa tisa na dakika tano. Mtoto wake alikuwa anatapika na hakuwa na wa kumwachia. Alikuwa mgeni katika hospitali ile, ameshaonywa mara mbili kwa kuchelewa, na onyo la tatu ni kufukuzwa. Alipoingia alimkuta Dada amesimama katikati ya vitanda na kalamu mkononi. Walikabidhiana vitanda vyote kumi na kimoja, Dada hakuruka hata kimoja. Mwishowe akaandika kwenye daftari: saa nane kamili. Akavua aproni, akatoka. Yule mama anasema ndipo alipomwona anakimbia.

Kinda, huyo ni Dada ambaye hakuwahi kuandika joto la mtoto bila kulipima. Katika kazi ya miaka thelathini aliandika uongo mara moja, na uongo wenyewe ukamwondolea mdogo wake.

Niliingia ndani nimeloa maji mpaka viwikoni nikamuuliza kwa nini hakusema. Hakukana. Akanijibu kwamba daftari limeshafungwa nisilifungue, yule mwenzake bado ana miaka miwili ya kustaafu. Nikamuuliza, na Kinda je?

"Mtoto anayelia ana pumzi," akasema. "Anayenyamaza ndiye wa kukimbilia."

Nikamwambia huyu wako amenyamaza miaka kumi na mmoja. Akageukia ukutani, nami nikajuta kusema.

Nilipaswa kukupigia jioni ile ile. Alinikataza, nikatii, nikajiambia kumtii mgonjwa ni thawabu. Kila nikipiga magoti najiuliza ilikuwa utii au ulikuwa woga wa kusikia ukisema mtandao ni mbovu. Siku ya mazishi yule mama alinishika mkono pembeni ya kaburi akasema nikuandikie, nikitaka niandike na jina lake, liwalo na liwe. Jina silihitaji.

Sasa lile langu. Ilikuwa Jumatatu, saa nane mchana. Pacha alikuwa jikoni. Tangu asubuhi Dada hakuwa akijua yuko wapi, alikuwa anapapasa kifuani anaitafuta ile saa yake ya kubandika iliyoning'inia kichwa chini. Ghafla akafumbua macho, yakawa macho yake kabisa, makali, yale ya kutazama kama umenawa mikono. Akanitazama mimi. Akasema, "Kinda. Umechelewa, lakini umefika. Haya, tupite."

Nilitaka kumwambia ni mimi. Yeye alikuwa ameshaanza.

Kitanda cha kwanza, akasema, mwanamke wa miaka hamsini, magoti, asibebe ndoo mbili, anajifanya hodari. Huyo ni mimi. Kitanda cha pili, mwanamke wa miaka arobaini na moja, presha, halali vizuri, anapenda chumvi. Huyo ni Pacha. Kisha akapunguza sauti, kama wanavyofanya wakifika karibu na mtoto aliyelala.

"Kitanda cha tatu, mtoto wa kiume. Uzito mdogo. Ananyonya vizuri sasa. Akikataa ziwa usimlazimishe, mweke begani, subiri, atarudi mwenyewe. Usimwache alie peke yake." Akanitazama. "Umepokea?"

Mdogo wangu, nilimwangalia Mungu kwa moyo, nikamwangalia yeye kwa macho. Nikasema, "Nimepokea, Dada."

Alishusha pumzi kama mtu anayevua viatu. Akachora kitu juu ya shuka kwa kidole. Hakusema tena. Pacha alipoingia na uji, kidole bado kilikuwa pale pale kwenye shuka na yeye hayupo.

Nimemweleza kiongozi wetu wa ibada, akaniambia Mungu anajua nia. Ni kweli anajua. Lakini mimi nilisema kwa kinywa chako, na kinywa chako hakijasema. Siku nne nzima nilitembea na maneno yale mawili kama kibanzi chini ya ukucha.

Ijumaa nilikung'uta godoro tulianike. Chini yake kulikuwa na daftari la shule la kurasa chache. Alikuwa amelipigia mistari kwa rula alipokuwa bado anaweza kukaa, kama lile la wodini: kitanda, hali, maelekezo, sahihi ya anayepokea. Vitanda vitatu, maneno karibu yale yale niliyoyasikia. Na juu ya safu ya mwisho, kabla sijadanganya, kabla macho yake hayajanichanganya na mtu, alikuwa ameandika kwa mwandiko ulionyooka: Zamu inapokewa na Kinda.

Kwa hiyo hakukosea sana aliponitazama akaona wewe. Alikuwa anakungoja wewe, basi.

Ukurasa wenyewe nimeuchana, nimeukunja humu ndani. Pacha na mimi hatukuweka alama yoyote, sisi ni wagonjwa tu kwenye orodha hiyo. Sikuombi uje kesho, najua kazi na safari zilivyo. Sikuombi hata umsamehe, kwani sasa unajua nani alikuwa wa kumwomba nani. Nakuomba uweke sahihi, uurudishe. Nitaulaza ndani ya Biblia yangu, na lile neno nililolisema kwa niaba yako litakuwa limepata mwenyewe.

Na hicho ulichokipakata miaka yote hii, Kinda, sasa kilaze chini. Kimenyonya vya kutosha.

Nisalimie wifi sana, mwambie kitambaa alichonitumia nilikivaa mazishini. Wasalimie wale wawili, waambie walikuwa na shangazi mwingine mkubwa, na siku moja nitawasimulia kikohozi changu. Pacha anakusalimu, anauliza kama bado unalala mdomo wazi. Mwalimu wako anakusalimu, anasema Kiingereza chako kilikuwa kizuri ila uvivu wa kuandika ulikuwa mzuri zaidi. Yule mama wa bombani hakuthubutu kutuma salamu, lakini alisimama akasubiri nimuulize, nami nakuletea kusimama kwake.

Mungu akulinde uendako na urudiko, akikuamsha alfajiri akuamshe mwepesi, na kifua chako akipe joto.

Ni mimi nikupendaye tangu nilipokuwa nikiruka kamba mlangoni,

Dada yako wa katikati.

Nyongeza: Karibu na sahihi kuna nafasi ya tarehe na saa. Usiandike ya Jumatatu ile ili kunisitiri. Andika ya siku utakayopokea kweli, hata kama ni mwaka ujao. Katika familia hii saa ya uongo imeshaandikwa mara moja, inatosha.